Ngozi Niliyoikatia Shokapu

Mke wangu alirudi kwao kwa sababu ya shokapu za gari. Watu nikiwaambia hivyo wanacheka, wanadhani ni mzaha wa wazee, lakini ndivyo ilivyokuwa, na wakati ule mimi sikucheka hata kidogo. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nilisoma hadi darasa la pili tu, kwa hiyo msomaji akiona nimezunguka sana kabla ya kufika ninakokwenda, anisamehe. Hata barabara zetu za miaka ile zilikuwa hivyo.

Kwa asiyejua gari, chini ya gari kuna springi. Springi ikikutana na shimo inabonyea, inarudi juu, inabonyea tena, na ukiiacha peke yake itacheza hivyo mpaka ichoke. Shokapu ndiyo inayoishika na kuiambia basi, imetosha. Za siku hizi zina umbo la pampu ya baiskeli. Za gari ninalolisema zilikuwa za zamani: kiboksi cha chuma kimejaa mafuta, ubavuni kimetoa mkono mmoja kama mtu anayeomba kitu. Gurudumu likipanda, mkono unapanda, na ndani pistoni inasukuma mafuta yapite kwenye kitundu kidogo. Mafuta hayapendi kuharakishwa. Hiyo ndiyo kazi yote. Mafuta yakivuja, shokapu imekufa, na gari linakuwa mbuzi.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la viti viwili, halina paa ila turubai la kukunja. Lilikuwa la kijani, pua imechongoka, na lilikaa chini mno hata kuku aliyelala barabarani alikuwa hana budi kuamka. Liliachwa na Mzungu mmoja aliyekuwa akipima miamba upande wa Iramba. Uhuru ulipokuja alikaa kidogo, kisha akaondoka, gari likabaki kwa mfanyabiashara mmoja wa Singida mjini, mtu wa asali, nta na vitambaa. Babu yake alitoka pwani na misafara, bibi yake alikuwa Mnyaturu wa hapahapa. Kiswahili chake kilikuwa kinateleza. Chetu sisi wa bara kilikuwa cha kukata kwa panga, na alipenda kunichokoza kwa hilo.

Mimi nilikuwa fundi nyuma ya ghala lake, chini ya mabati manne. Ufundi niliupata kambi ya barabara, nikabeba spana miaka mitatu kabla ya kuruhusiwa kufungua nati. Halafu nikafanya kazi kwa Kalasinga mmoja aliyekuwa na gereji mjini. Yule alikuwa mkali, lakini alinifundisha neno moja kubwa: kitu kilichotengenezwa na mtu, mtu anaweza kukitengeneza tena. Alipohama aliniachia jiriwa yake ya kubania vyuma, na mimi nikajiona nimeachiwa gereji nzima. Kiburi changu kilianzia pale, nadhani.

Siku moja yule mzee wa asali alirudi kutoka Kiomboi na gari lake, akashuka ameshika kiuno.

"Fundi," akasema, "leo figo zangu zimebadilishana mahali. Ya kulia iko kushoto."

"Pole, mzee. Ni shokapu. Zimekwisha zote nne."

"Basi weka nyingine."

"Hazipo. Nimeuliza kwa madereva wa malori mara tatu. Dar es Salaam hakuna."

"Sijakuuliza Dar es Salaam kuna nini," akasema. "Nimekuuliza wewe una nini."

Maneno hayo yaliniingia. Ilikuwa miaka ile baada ya Azimio, na redioni kila siku tulikuwa tunaambiwa tujitegemee. Mimi nililichukua neno hilo kama limesemwa kwangu, juu ya shokapu zile. Nikazifungua.

Ndani nilikuta uji mweusi, mafuta na vumbi la barabara vimekuwa kitu kimoja kama ugali wa ulezi. Nikaziosha kwa mafuta ya taa siku mbili. Pistoni zilikuwa nzima. Kilichokufa ni pale mhimili wa ule mkono unapotokea nje ya kiboksi, huku na huku: chuma kimelika, na mpira mdogo wa kuzuia mafuta umekauka ukawa kama ganda la karanga. Chuma nilikiweza. Nilipata shaba kwenye bushi la lori bovu, nikaikata, nikaichonga kwa tupa wiki nzima mpaka ikakaa bila kucheza. Hilo nilijivunia, na najivunia mpaka leo, kwa sababu sikuwa na mashine ya kukereza.

Mpira ndio ulionishinda. Kila shokapu ilitaka mbili, kwa hiyo nane. Umbo lake lilikuwa kama ile senti kumi ya zamani yenye tundu katikati. Nikakata tyubu ya baiskeli. Ndani ya mafuta ikavimba, siku ya tatu ikawa laini kama nyama iliyochemka. Nikakata ngozi kavu ya ng'ombe niliyoinunua mnadani, hiyo ikawa ngumu kama ubao, ikapasuka nilipoikunja. Nikajua ninachotaka ni ngozi, lakini ngozi iliyolainishwa, iliyoshiba mafuta kwa muda mrefu. Na ngozi ya namna hiyo nilijua iko wapi.

Ilikuwa nyumbani kwangu, kwenye mfuko uliotundikwa juu ya boriti.

Hapa lazima nieleze vizuri. Mke wangu alikuwa wa upande wa Ikungi. Mama yake alikuwa na jina kijiji kizima kwa kulainisha ngozi. Ngozi ile ilikuwa ya mbuzi, laini kama sikio la ndama, imeshonwa ushanga pembeni, na ilikuwa ya kubebea mtoto mgongoni. Mke wangu alibebwa nayo, na ndugu zake wote watano. Alipoolewa kwangu, mama yake alimkabidhi. Alikuja nayo mjini, akaitundika, na kila baada ya miezi kadhaa aliishusha, akaipaka mafuta ya nyonyo, akaikunja tena.

Tulikuwa na miaka mitatu ya ndoa na hatukuwa na mtoto.

Nilijiambia mambo mengi siku ile. Nilijiambia mabwana maendeleo wanapita vijijini wakisema ngozi ni mambo ya kale, watu wavae nguo. Nilijiambia kina mama wote wa mjini wanabeba watoto kwa khanga. Nilijiambia kitu kinachokaa bure si mali. Yote hayo nilijiambia, na nikishaamua kuandika niandike na lile nililolificha: nilikuwa nimekwisha kuacha kutegemea mtoto. Sikumwambia mtu yeyote, hata mwenyewe sikujiambia kwa sauti. Lakini mikono yangu ilijua, na mikono ndiyo iliyoshusha ule mfuko wakati mke wangu yuko bombani kwenye foleni ya maji.

Nilinoa mdomo wa bomba la chuma, nikaikunjua ngozi juu ya gogo, nikapiga kwa nyundo. Nilikata katikati, kwa sababu katikati ndipo palipokuwa laini zaidi. Pete tatu za kwanza zilikwenda upande. Nane zilizofuata zilikuwa safi. Nikaikunja ngozi, nikairudisha kwenye mfuko, mfuko kwenye boriti.

Halafu mafuta. Ya injini niliogopa yataila ngozi, nikanunua mafuta ya nyonyo sokoni, chupa nne, nikayachemsha, nikayachuja kwa kitambaa. Nikajaza. Nikafunga shokapu moja kwenye jiriwa, nikashika mkono wake na kuusukuma. Ulikwenda polepole, kwa uzito mmoja tangu juu hadi chini, kama mwiko ndani ya uji mzito, na haukuwa na mahali patupu hata pamoja. Nikausukuma tena na tena. Nikapitisha kidole pale mhimili unapotokea. Pakavu. Sijui kama kuna furaha nyingine kama ile. Zipo, bila shaka, lakini ile ilikuwa yangu peke yangu.

Furaha ikishajaa inatafuta mtu wa kumwambia. Alasiri nilikwenda nyumbani nikamkuta mke wangu barazani anapepeta uwele.

"Leo nimemaliza," nikamwambia. "Zote nne. Hazivuji hata tone."

"Hongera, mume wangu. Ile mipira umeipata wapi?"

"Siyo mpira. Ngozi."

Ungo ukasimama. "Ngozi ya nani?"

Hakuuliza ngozi ya nini. Mimi, mjinga, nikanyoosha kidole kuelekea ndani, kwenye boriti.

Aliinuka taratibu. Akaishusha, akaikunjua mapajani, na ile mianga ya jua ikapita kwenye matundu kumi na moja, ikamwangukia kwenye khanga. Akaingiza kidole kwenye tundu moja.

"Umetoboa hapa," akasema. "Hapa ndipo mtoto anapokalia."

"Ni ngozi tu, mke wangu. Nitakununulia khanga. Mbili, ukitaka."

"Hukuweza kusubiri?"

"Kusubiri nini?" nikasema.

Basi. Ndiyo maneno niliyosema. Nimekwisha kusema uongo mwingi maishani ambao ulisamehewa, lakini hayo maneno mawili yalikuwa kweli, na yeye aliyasikia kama kweli. Hakulia wala hakunitukana. Akaikunja ngozi, akarudi kwenye ungo, akamaliza kupepeta. Uwele ukasafishwa wote. Asubuhi yake alipanda basi la barabara ya Dodoma, akaenda kwao na kikapu chake na ile ngozi ndani.

Gari nalo likawa zuri mno. Yule mzee wa asali alilizungusha mjini, akaja kusimama mbele ya mabati yangu, akapiga honi.

"Fundi! Nimepita kwenye mitaro yote, hata kofia haikusogea! Umeweka nini humo?"

"Ngozi, mzee."

"Mungu akupe umri." Akaniangalia. "Mbona uso wako kama umefiwa?"

Nikamwambia mke amekwenda kwao. Sikumwambia kwa nini. Nilimwambia ni mambo ya nyumbani, na yeye, mtu wa adabu, hakuchimba. Lakini alisema, "Mwanamke hafuatwi mikono mitupu. Lichukue gari, kamlete. Huko ndiko kulijaribu kwenye barabara ndefu."

Kwetu mtu haendi peke yake kumwomba mke aliyerudi kwao. Anakwenda na mzee wa kusema, maana mwenye kosa hana mdomo. Nikatuma habari Kinampanda kwa baba yangu mdogo, aje. Alikuja kwa lori la mahindi, nikamwambia yote, hata yale maneno mawili. Akatoa ugoro, akaurudisha mfukoni bila kuunusa.

"Ungempiga," akasema mwisho, "ningejua pa kuanzia kusema."

Hata hivyo alipoliona gari alisahau huzuni. Alikuwa mtu wa kupenda vitu vya kwenda mbio. Alikaa kwenye kile kiti cha pili, koti limefungwa mpaka shingoni, fimbo kati ya magoti, upepo unampiga usoni. Barabara ilikuwa mbaya kama kawaida yake, mawe na mikunjo kama ubao wa kufulia, na gari lilipita juu yake kimya. Tukipita watu alikuwa anainua fimbo kidogo, kama mkuu wa mkoa.

"Hata ugoro haumwagiki," akanipigia kelele masikioni. "Mwanangu, wewe ni fundi. Mjinga, lakini fundi."

Tulipokaribia, kabla ya mji wa wakwe, palikuwa na bonde lenye mchanga. Alisema, "Simama hapa. Tuliache, twende kwa miguu. Mwenye kosa haingii kwa watu ameketi." Nami nikamjibu kuwa nikiliacha, watoto watalichezea, ni gari la watu. Hiyo ilikuwa sababu nusu. Nusu nyingine ni kwamba nilitaka waone. Nilidhani wakiona nilichokitengeneza wataelewa. Basi nikaendesha mpaka uani, mbele ya tembe lao, nikazima.

Baba mkwe alitoka. Alikuwa mrefu, mkavu, mtu wa ng'ombe, asiyesema mara mbili. Tukashuka, nikampa shikamoo nimeinama, akaitikia. Akalizunguka gari mara moja, taratibu, kama anayenunua fahali. Aliinama akachungulia chini.

"Ndilo hili," akauliza, "lililovaa ngozi ya binti yangu?"

Baba mdogo akaanza kukohoa ili apate la kusema.

"Na mmekuja wawili," baba mkwe akaendelea, "na viti ni viwili. Binti yangu mlipanga akae wapi? Mumfunge nyuma kwa kamba?"

Naapa, mpaka dakika ile sikuwa nimelifikiria jambo hilo. Nilikuwa nimetoka Singida nimefikiria mafuta, matairi, vumbi, shati. Kiti cha mke wangu sikukifikiria. Baba mdogo naye hakukifikiria. Tuliangaliana kama mbuzi wawili kwenye daraja.

Tukakaribishwa vigoda. Maneno yakasemwa, marefu, kwa lugha ya kwao ambayo baba mdogo aliipasua vizuri na mimi niliifuata kwa kuchechemea. Sitayaandika yote. Baba mdogo aliomba radhi kwa niaba yangu mara tatu, kwa namna tatu. Baba mkwe alisema yeye hataki faini ya mbuzi wala kitu, kwa sababu mbuzi hawezi kuwa ngozi iliyobeba watoto sita. Akasema aulizwe mwenyewe.

Mke wangu akaitwa. Alikuja akapiga magoti kando ya baba yake, hakunitazama.

"Unataka nini kwa mtu huyu?" baba yake akamuuliza.

"Azitoe," akasema. "Zile alizokata. Zote zilizomo humo. Anirudishie mkononi, ndipo nitafikiri."

"Nitakuletea," nikasema haraka. "Nikifika mjini nitazifungua, nita—"

"Hapa," akasema.

Baba mkwe akafungua mikono kunionyesha ua wake, kama kusema nafasi ipo.

Basi nikavua shati langu la kwendea ukweni, nikatoa spana kwenye buti, nikaingia chini ya gari kwa mgongo. Jua lilikuwa limesimama utosini. Nilisikia tu nati zangu na kuku wakiparua.

Sasa, mama mkwe. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hampiti njia moja, huli mbele yake, na akiwa na neno na wewe anampa mtu mwingine akuletee. Miaka mitatu nilikuwa nimemwona mgongo tu. Siku ile alikuwa ndani ya tembe tangu tulipofika. Nikiwa nimefungua ya pili, mafuta ya nyonyo yananimwagikia kifuani, nikaona miguu miwili imekuja kusimama kando ya gurudumu, ina bangili za shaba nyembamba. Nikajua ni yeye. Nikataka kukimbia, lakini ukiwa chini ya gari dogo kama lile hukimbii. Halafu nikaelewa: yeye hanioni uso, mimi simwoni uso. Bati la gari lilikuwa katikati yetu kama ukuta. Adabu haikuvunjika.

Hata hivyo hakusema na mimi. Alisema na kuku.

"Wewe kuku," akasema, "hebu muulize mtu aliye huko chini, hicho kitu kinafanya kazi gani."

"Kuku," nikasema, "mwambie mama kinazuia gari lisirukeruke. Mafuta yanapita ndani polepole. Ngozi inazuia yasitoke."

"Na yametoka?"

"Hayakutoka. Kutoka Singida mpaka hapa, hata tone."

Nikaona mguu mmoja umesogea, vidole vikapapasa lile tone lililoanguka mavumbini.

"Kuku, hayo ni mafuta ya nyonyo."

"Kuku, mwambie ndiyo. Niliogopa mengine yataiumiza."

"Hmm," akasema. Ilikuwa sauti ya fundi. Naijua sauti hiyo, Kalasinga alikuwa nayo, anapotazama kazi ya mtu asiyempenda na kukuta haina kasoro. Nikatoa pete ya kwanza kwa ncha ya bisibisi, nikaisukuma nje kwenye kipande cha gazeti. Mkono wake ukashuka ukaichukua. Nikasikia anaivuta, anaikunja.

"Mbuzi jike, aliyezaa mapacha," akasema, na sidhani alikuwa anamwambia kuku tena. "Niliilainisha miezi minne. Haiwezi kuvuja hiyo." Akaivuta tena. "Lakini amekata mgongo. Mgongo ni wa kulalia kitu. Ukitaka ngozi ya kubana, unakata shingoni. Shingo ya mbuzi inajikunja maisha yake yote na haichoki. Kuku, muulize: mbona hakuuliza? Ninazo shingo tatu humo ndani. Ningempa."

Kuku mwenyewe alikuwa amekwenda kuparua kwingine, nami nikageukia nati za shokapu ya tatu.

Miaka mitatu nilikuwa mkwe wa fundi na sikujua. Nilijua ni mama mwenye ngozi, kama unavyojua jirani ana mbwa. Kalasinga nilimuuliza maswali mpaka akanirushia tupa, madereva nikawauliza, hata wauza nyanya wanaokwenda na malori niliwauliza. Lakini watu wa nyumbani kwangu sikuwauliza kitu. Mke wangu angeniambia neno moja tu: mama anazo shingo. Na kama ningemuuliza juu ya ile ngozi, labda tungezungumza pia yale mengine, ya mtoto, ambayo kila mmoja alikuwa anayabeba kivyake.

Jua likateremka. Nikatoka na pete nane kwenye gazeti, mweusi kwa mafuta mpaka kwenye nywele. Mama mkwe alikuwa ameshaondoka. Nikapiga magoti, nikampa mke wangu kwa mikono miwili. Alizihesabu, akazifunga kwenye pindo la khanga.

"Mrudishe mzee nyumbani," akasema. "Kiti chake kipo."

"Na wewe?"

"Nimesema nitafikiri."

Safari ya kurudi siiandiki. Gari bila shokapu, barabara ile. Baba mdogo alishuka Singida akatembea hatua tano, akaketi chini.

"Mwanangu," akasema, "safari nyingine oa karibu na lami."

Kesho yake nilimpelekea yule mzee wa asali gari lake. Safari hii nilimweleza yote, maana lilikuwa limerudi kama lilivyokuwa mwanzo, na nilitegemea kufukuzwa pale nyuma ya ghala. Alisikiliza huku anafuta miwani kwa kanzu. Alipoivaa hakunichokoza hata kidogo.

"Bibi yangu alikuwa na ngozi kama hiyo," akasema. "Mama yangu alitaka nibebwe kwa khanga, bibi akakataa. Nakumbuka harufu yake." Akatazama gari. "Lifunike. Mimi nitapanda basi. Usiguse kitu mpaka huyo mtoto wa watu aseme."

Wiki mbili zikapita, na ya tatu ikaingia. Nilipika mwenyewe, vibaya. Kila basi la kutoka Dodoma lilipoingia nilipata shughuli ya kunipeleka stendi: mara kuuliza nati, mara kumsalimia utingo. Utingo mmoja akanichoka. "Fundi, hayupo. Akiwepo nitapiga honi."

Hakupiga. Mke wangu alikuja siku ambayo sikwenda stendi, saa ya adhuhuri. Nilimkuta amesimama barazani, kikapu kiko chini, mlango hakuugusa ingawa haukuwa na kufuli. Mkononi alikuwa na kifurushi cha majani ya mgomba kimefungwa kamba.

"Karibu," nikasema. Sikujua niseme nini kingine, nikasema tena, "Karibu."

"Mama amenipa hizi." Akafungua. Zilikuwa shingo mbili za mbuzi, nyeusi, zinang'aa mafuta. "Anasema ni za gari."

Nikanyoosha mkono. Akazirudisha nyuma kidogo.

"Mimi sijasema."

Basi nikaelewa, polepole, kama ninavyoelewa mambo mengi. Nikaketi kwenye ukingo wa baraza ili nisimsimamie. "Nakuomba," nikasema. "Nizikate? Na ukikataa, gari litakaa." Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimeshafungua mdomo, nikasema na lile jingine. "Nilikuwa nimekata tamaa. Sikukuambia. Ilikuwa vibaya kukukatia na tamaa yako."

Jirani alipita na ndoo, tukasalimiana naye wote wawili kama watu wasio na jambo.

"Mimi pia kuna miezi nilikata," akasema alipopita. "Halafu naishusha ile ngozi, naipaka mafuta, tamaa inarudi. Ndiyo maana nilikuwa naipaka."

Watu watauliza kama mtoto alikuja. Alikuja, mmoja tu, baada ya miaka mingine mingi, wakati wazee wa mke wangu wamekwisha kuhamishiwa kijiji cha ujamaa na lile tembe limebomolewa, na sisi wenyewe tulikuwa tumezeeka kidogo kwa kulea. Lakini siku ile hatukuyajua hayo, na nisingependa msomaji adhani tuliyajua. Siku ile tulikuwa watu wawili barazani na shingo mbili za mbuzi.

"Kata," akasema. "Lakini nataka kuona kwanza zinakaa wapi. Sijawahi kuona hicho kitu kilichonirudisha kwetu."

Tukaenda nyuma ya ghala. Nikamfungulia kiboksi kimoja kwenye jiriwa, nikamwonyesha mhimili, pistoni, kitundu cha mafuta. Aliuliza maswali mazuri kuliko niliyowahi kuuliza mimi. Yeye ndiye aliyeshika ngozi juu ya gogo wakati ninapiga, na aliposema "sogeza huku, huko ni nyembamba," nikasogeza. Hatukuharibu hata moja.

Tuliporudi jioni ilikuwa bado mapema. Kikapu chake kilikuwa palepale barazani, hakuna aliyekigusa. Aliniuliza kama nyumbani kuna unga. Nikamwambia upo, kidogo. Akakiinua, akasukuma mlango kwa bega, akaingia.